Mgongo Ukigoma, Nyumba Nzima Inaumwa

Ana miaka 27, lakini akitoka kiwandani anatembea kama bibi wa miaka 80. Wewe unadhani anadeka, au amekuchoka. Kabla hamjanuniana, soma hapa.

Mpenzi msomaji, simama siku moja kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, muda ule viwanda vinapotoa watu. Kama uko mbali na huko, nenda Ubungo au Mbagala. Acha kuangalia nguo zao, angalia wanavyotembea. Wengi ni vijana wabichi kabisa, lakini huyu kashika kiuno, yule akiitwa anageuka mwili mzima kama roboti kwa sababu shingo imekataa, na mwingine anatafuta ukuta wa kuegemea wakati anasubiri daladala. Na daladala lenyewe likija, atasimama mpaka Gongo la Mboto.

Halafu huyo mtu anafika nyumbani kwako. Umemsubiri kutwa nzima, una stori zako, una mipango yako. Unamgusa begani, anashtuka. Unamuuliza, "Vipi?" Anajibu, "Nimechoka tu." Kesho jibu ni hilohilo. Ikifika wiki ya tatu unaanza kupiga hesabu za ajabu: ana mtu? Kanichoka? Kumbe masikini, kilichochoka ni mgongo.

Tusilichukulie jambo hili kiutani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, yaani kiuno, na kufikia mwaka 2050 huenda wakawa milioni 843. Hakuna tatizo jingine la kiafya linalowafanya watu wengi zaidi waishi na ulemavu wa kushindwa kufanya shughuli zao. Lakini kwa kuwa haliui, hakuna anayelipigia kelele. Linakula taratibu: kwanza raha ya mtu, kisha kipato chake, mwisho uhusiano wake.

Na wewe wa ofisini usifunue ukurasa ukidhani hayakuhusu. Inawezekana mumeo ni opereta, mchumba wako anafungasha bidhaa, au wewe mwenyewe ndiye ofisa utumishi unayesaini barua za onyo za watu "wavivu". Tena hiyo laptopu unayoiinamia kutwa inakufanyia yaleyale, ila kwa mwendo wa kobe.

Kazi ya kukaa tu? Thubutu!

Chukua mfano wa dada anayeshona kwenye kiwanda cha nguo. Ukimwona utasema, "Si amekaa bwana, shida iko wapi?" Sasa mwangalie vizuri. Amekaa kwenye benchi lisilo na egemeo. Macho yako kwenye sindano, kwa hiyo kichwa kimeinama. Mikono iko mbele hewani inasukuma kitambaa, mguu uko kwenye pedeli. Anashona mshono mmoja uleule, mfuko au kola, mamia ya mara kwa siku, kwa sababu kuna tageti ya kufikia na supavaiza anapita na daftari.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kikikaa wima juu ya shingo, hakuna neno. Kikiinama, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisidondoke. Mwaka 2014 daktari mmoja wa mgongo wa New York alipiga hesabu kwa kompyuta na kukadiria kwamba ukiinamisha kichwa kwa nyuzi 60, mzigo unaoikuta shingo unafika kama kilo 27. Ni makadirio, lakini yanakupa picha. Huo ni zaidi ya uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, na dada yetu ameubeba toka asubuhi.

Wala hii siyo habari ya jana. Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima kuhusu magonjwa yanayotokana na kazi za watu. Kati ya aliowaandika ni mafundi nguo wanaopinda migongo kwa kukaa wameinama. Zaidi ya miaka 300 imepita, cherehani zimepata umeme, lakini mkao ni uleule.

Huko ndani kunatokea nini?

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za mgongo wa kati na 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili kuna visahani laini vinavyofanya kazi kama shokapu ya gari. Wanaviita diski. Sasa sikia hili: kwa mtu mzima, diski haipati damu moja kwa moja kama misuli. Chakula chake kinapenya taratibu kutoka kwenye tishu zinazoizunguka, na kinachosaidia zoezi hilo ni mwendo. Ukijikunja, ukajinyoosha, ukatembea, diski inabanwa na kuachiwa kama sponji. Ukikaa umeganda saa 4, hakuna kubanwa wala kuachiwa.

Misuli nayo ina yake. Msuli uliokaza bila kupumzika unabana mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake. Damu ikipungua, uchovu unajaa, na hapo ndipo unapata vile vifundo vigumu mabegani ambavyo mwenzio akivibonyeza unapiga kelele.

Kwa hiyo adui siyo kukaa peke yake, wala kusimama peke yake. Anayepiga pasi kiwandani anasimama kutwa na anaumia vilevile. Adui ni mkao mmoja kwa muda mrefu, mwendo uleule unaojirudia, mizigo mizito, na kujipinda kiuno huku umebeba kitu.

Tukija kwenye mizigo ndiyo kabisa. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, NIOSH, wanaanzia kwenye kilo 23 wanapopiga hesabu ya mzigo wa kunyanyua kwa mikono, tena mazingira yakiwa mazuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, hujipindi na hunyanyui mara kwa mara. Mambo yakiharibika, kiwango kinashuka. Hata pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967, la enzi za babu zetu, liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mwanaume mzima. Mfuko wa saruji hapa kwetu ni kilo 50. Kibarua anaupandisha begani, anashusha, anarudi kuchukua mwingine, na analipwa kwa idadi. Piga hesabu mwenyewe.

"Mbona hakuna jeraha?"

Hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Mashine ikikata kidole, kiwanda kizima kinakimbia na gari linatafutwa. Mgongo hauna damu. Anayeumia anaonekana mzima, anakula, anacheka. Akiomba ruhusa anaambiwa anazuga. Akienda kupiga picha, mara nyingi picha inasema yuko safi, na hapo ndipo anapozidi kuonekana muongo.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maumivu ya kiuno, kama asilimia 90, hayana kitu kimoja unachoweza kukinyooshea kidole kwenye picha. Na kinyume chake ni kweli pia. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu wasio na maumivu yoyote, wakakuta hata kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa maana hiyo picha mbaya siyo hukumu, na picha nzuri siyo ushahidi kwamba mtu anadanganya. Kabla hamjauza friji mkalipie kipimo kikubwa, muulizeni daktari kama kinahitajika kweli.

Kwa kibarua wa kutwa mambo ni magumu zaidi. Akisema anaumwa, kesho nafasi yake ina mtu. Kwa hiyo anameza vidonge vyake kimyakimya na kuendelea. Na mtu anayeficha maumivu kazini, kwa kawaida anayamwagia nyumbani.

Chumbani sasa

Tuseme ukweli, ndiyo maana unanunua gazeti hili. Maumivu yaliyopitiliza miezi mitatu yanavuruga usingizi, yanaleta hasira za karibu na yanaua hamu ya tendo la ndoa. Mwenye maumivu anaogopa kuguswa kwa sababu anajua mguso utaelekea wapi. Asiye na maumivu anaona amekataliwa. Hakuna anayesema, kila mmoja anageukia ukuta wake.

Dawa ya kwanza hapa ni mdomo. Wewe unayeumwa, acha "nimechoka tu". Sema, "Kiuno kinauma upande huu, leo siwezi hivi, lakini naweza hivi." Na wewe mwenzi, acha kuuliza kama polisi. Uliza, "Nikukande wapi?" Tofauti ni kubwa.

Kuhusu staili, kwa miaka mingi wenye maumivu ya mgongo wote wameambiwa walale ubavu, mmoja nyuma ya mwenzake, basi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipima jinsi uti wa mgongo unavyocheza kwa wanandoa 10 wakati wa tendo lenyewe. Walichogundua ni kwamba ushauri huo haumfai kila mtu. Kuna ambaye maumivu yanazidi akiinama mbele, kama wakati wa kufunga kamba za viatu, na kuna ambaye yanazidi akijipinda nyuma. Wa kwanza atafute mkao usiomkunja kiuno, wa pili atafute usiomnyoosha kupita kiasi. Mito ipo, itumieni. Mwendo utoke kwenye nyonga kuliko kiunoni. Na siku ikishindikana kabisa, kukumbatiana hakujawahi kumvunja mtu pingili.

Uongo tunaoupenda

"Lala chali kitandani wiki nzima." Siku moja au mbili za kupunguza kasi siyo mbaya, lakini kulala tu kunadhoofisha misuli na kurefusha tatizo. Tembea, hata kama ni mpaka dukani na kurudi.

"Tandika ubao au lala sakafuni." Mwaka 2003 utafiti wa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno ulionyesha kwamba waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia gumu sana. Godoro lililobonyea katikati kama mtumbwi nalo halifai.

"Vaa mkanda wa mgongo." Mwaka 2000 utafiti mkubwa Marekani kwa wafanyakazi wa maduka wanaonyanyua mizigo haukuona kwamba mikanda inapunguza kuumia. Na mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri mikanda hiyo isiwe tiba ya kawaida. Bosi anayekugawia mkanda badala ya kitoroli hajamaliza kazi yake.

"Meza diklofenaki, utakaa sawa." Dawa hizi na ndugu zake kama ibuprofeni zinasaidia kwa muda mfupi. Ukizila kama karanga kila siku, tena tumbo tupu, unajitafutia vidonda vya tumbo, matatizo ya figo na presha kupanda. Hiyo ya kununua vidonge vinne dukani kila Jumatatu inabidi iishe.

Sasa kipi kinafanya kazi? Mwongozo huohuo wa WHO unataja kumwelimisha mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, tiba za mikono ikiwemo masaji, na msaada wa kisaikolojia kwa wanaohitaji. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye mtu wako. Hospitali kubwa nyingi wanaye, na pale Muhimbili kuna Taasisi ya Mifupa, MOI, kwa matatizo makubwa zaidi.

Fanyeni hivi nyumbani

1. Ndoo ya maji. Lita 20 ni kilo 20. Kama mmoja ametoka kunyanyua mizigo kutwa, mwingine achote. Au jazeni ndoo mbili nusunusu, moja kila mkono.

2. Fagio. Fagio letu la chelewa linataka uiname mpaka chini. Lifunge kwenye mti mrefu, au nunua la mpini. Ni mradi wa dakika 10 tu, na mama mkwe akisema ni uvivu, mwache aseme.

3. Kufua. Beseni lipande juu ya stuli au meza, lisikae chini. Mwanaume wa kileo, nguo zako zina uzito uleule ukizifua wewe.

4. Kunyanyua. Sogea karibu na mzigo, kunja magoti, uvute mwilini, simama, kisha geuza miguu. Usigeuze kiuno ukiwa umebeba. Hii ni pamoja na kumtoa mtoto kitandani.

5. Kukandana. Taulo la maji ya moto, siyo ya kuunguza, dakika 15 hadi 20. Kisha mikono taratibu kwenye mabega na pembeni ya uti wa mgongo, siyo juu ya mfupa wenyewe. Na usimkanyage mgongoni kwa miguu, tafadhali.

6. Kutembea pamoja. Jioni, nusu saa, simu zikiwa mfukoni. Mgongo unapata mwendo, na nyinyi mnapata mazungumzo.

Na kiwandani je?

Mazoezi ya nyumbani hayawezi kushinda benchi bovu la saa 9. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti kwa mafundi cherehani wa viwanda vya nguo vya Los Angeles. Waliopewa viti vya kurekebishika, vyenye egemeo, maumivu ya shingo na mabega yalipungua ndani ya miezi 4 kuliko kwa wasiopewa. Kiti tu! Siyo hospitali mpya.

Kwa hiyo wewe ofisa utumishi au meneja unayesoma hapa, anza na vitu vidogo: viti vyenye egemeo, meza inayopandishwa, vitoroli, mizigo mikubwa igawanywe, watu wabadilishane vituo, na dakika chache za kujinyoosha kila baada ya muda. Utasema gharama. Sawa, lakini opereta mzoefu akiondoka, mpya atachukua muda gani kufikia kasi yake? Na nguo zilizoharibika katikati je?

Wewe mfanyakazi, jua haki zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ovataimu ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 kwa wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, una haki ya mapumziko ya dakika 60. Ukiugua na una cheti cha daktari, likizo ya ugonjwa ni hadi siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara.

Kuna pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, ambayo inamtaka mwajiri afanye sehemu ya kazi isiwe hatari kwa afya yako. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, unachangiwa na mwajiri peke yake. Ukikatwa mshahara kwa jina la mfuko huo, uliza.

Tatizo ni kwamba mgongo ni mgumu kuuthibitisha kuliko kidole kilichokatika. Ndiyo maana ushauri wetu ni huu: andika. Siku ilipoanza kuuma, ulikuwa unanyanyua nini, ulimwambia nani, ulitibiwa wapi. Toa taarifa mapema na kwa maandishi, tunza nakala na vyeti vyote. Kama kuna chama cha wafanyakazi, nendeni pamoja. Mmoja akilalamika ataitwa mvivu. Mkiwa ishirini kwenye laini moja wenye maumivu ya bega lilelile, hapo atakayetakiwa kujieleza ni mwenye benchi.

Hapa usisubiri

Maumivu mengi yanapungua ndani ya wiki chache. Lakini kimbia hospitali ukiona mojawapo ya haya: ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa haja ndogo au kubwa, mguu kukosa nguvu, maumivu baada ya kuanguka au ajali. Ukiwa na homa, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na mgongo kuuma, usiseme ni kazi tu. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo, na kinatibika kikiwahiwa. Vilevile kama umewahi kuugua kansa, mwambie daktari mapema.

Kazi kwenu

Wapenzi wengi wanaweka akiba ya kiwanja, ya harusi, ya gari. Hiyo yote inalipiwa na mwili unaoamka kesho kwenda shifti. Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kuwasha tamthilia, muulize mwenzio swali moja: "Kazini unakaa vipi?" Mwambie akuonyeshe kwa vitendo, kiti, mikono, shingo na kila kitu. Kaa wewe kwenye mkao huo dakika 10 bila kusogea.

Ukishindwa kuzimaliza, utakuwa umeelewa zile "nimechoka tu" zote. Kisha nyanyuka ukachemshe maji ya kumkanda.